Mti Uliokufa Siku ya Hamsini na Nane

Normande Haché alichovya kidole kwenye udongo, akakilamba.

"Chumvi," alisema.

"Si nilikwambia!" Gilberte Losier alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, chini ya nyumba yake, ufunguo unaning'inia shingoni kama msalaba. "Kamati nzima wameshalamba. Zoël amelamba mara mbili, kama vile yuko mezani."

Normande alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu, na magoti yenyewe ya miaka sitini na sita hayakufurahia ile sakafu. Miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa viwanda vya samaki pwani yote ile, akifungua makopo na kunusa. Alistaafu, lakini pale kijijini Anse-à-Basile bado kila mtu alimwita Inspekta, na likitokea la kutokea wanamgongea mlango. Jana waligonga. Chama cha wakulima wa bangi, ambayo huku siku hizi ni halali, kilikuwa na mwanachama mmoja wa kufukuza, na kura ilikuwa leo saa kumi jioni. Walitaka Inspekta aje tu kuthibitisha.

Kuthibitisha. Yaani jibu walishakuwa nalo.

Chama chenyewe ni watu kumi na mmoja. Kila mwaka, tarehe nne Januari, kila mmoja anachukua mbegu moja kutoka pakiti moja, anaipanda siku hiyohiyo, ndani ya nyumba, kwenye udongo wa mboji na minyoo, hakuna dawa ya dukani. Mbegu ni ya ile bangi inayojichanulia yenyewe ikifika umri wake. Siku ya sabini na tano wote wanakata, na ukumbi wa parokia unanuka mpaka padre anafungua madirisha na theluji ikiwa nje. Mshindi anapewa kopo bovu la kumwagilia lenye majina ya washindi. Kopo lenyewe linavuja. Lakini watu wazima wamenuniana miaka mitatu kwa ajili ya kopo hilo.

Na mwaka huu kila mtu alijua la nani. Mbangi wa Gilberte ulikuwa mfupi, mnene, una maua makubwa kama ngumi. Watu walikuja kuuangalia, wakasifia, wakaondoka wamekunja sura. Siku ya hamsini na moja ncha za majani zikaanza kuungua. Siku ya hamsini na nane ukawa umekufa. Leo ni ya sitini na moja, na bado umesimama pale, umekauka, rangi ya karatasi ya mfuko.

"Minyoo ilipanda juu," Normande alisema.

"Eeh. Niliikuta imekufa juu ya udongo. Ilikuwa inakimbia." Sauti ya Gilberte ilikatika kidogo, akaikaza. "Chumvi juu, minyoo juu. Mtu kamwaga chumvi. Na huyo mtu ana ufunguo. Funguo ziko mbili, Inspekta. Mmoja huu. Wa pili nilimpa Ulric, huyohuyo tunayemfukuza, aninyweshee mti nikienda kwa dada yangu Moncton. Mume wangu Fernand hana, hataki hata kuusikia, anasema stoo inanuka kama paka. Sasa mtu wa tatu atoke wapi?"

"Ulric aliingia lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi, siku ya hamsini. Tulicheza karata, akashuka kuuona mti, akapanda juu uso umemshuka. Jumapili majani yakaanza kuungua. Hesabu mwenyewe."

Normande alitoa daftari lake dogo, akaandika: *Jumamosi 50. Jumapili 51.* Kisha akauliza, "Na hii ya saa inayowasha na kuzima taa?"

"Hiyo ndiyo ilinifungua macho. Siku ya arobaini nakuta mtu kaichezea saa. Taa inazimika saa sita usiku kama kawaida, halafu inawaka saa nane, inazimika tena saa tisa. Kwa nini? Si kuukatisha giza! Hayo mambo anajua nani, kama si mzee wa msituni, Ulric aliyekuwa anailima kwa kujificha?"

"Mti ulidhurika?"

"Wala. Ndiyo kwanza ulinenepa."

Normande alipigia mstari neno *wala*.

*

Ulric Mazerolle alikaa ng'ambo ya barabara, peke yake, tangu mkewe afariki. Alifungua mlango kabla Normande hajagonga.

"Karibu, Inspekta. Umekuja na pingu au unaninyonga kwa mkono?"

"Nimekuja na njaa. Una kahawa?"

Barazani kulikuwa na gunia la chumvi ya kumwaga kwenye ngazi, ile ya kuyeyushia barafu, limefika nusu. Normande aliinama, akachota punje chache, akaziweka kwenye bahasha. Ulric alimwangalia huku anacheka bila furaha.

"Chukua gunia zima. Barabara nzima hii ina gunia kama hilo. Hata padre analo."

Ndani, kwenye chumba chake chenye kufuli, mbangi wa Ulric ulikuwa mrefu, mwembamba, una maua machache yaliyojibana huku na kule.

"Unauona?" alisema Ulric. "Mbegu ileile. Udongo uleule, tulichanganya pamoja kwenye banda lake, mimi na Gilberte, unga wa samaki, mwani, mboji. Chungu kilekile kinachojinywesha. Wake ukawa malkia. Wangu ukawa mswaki."

"Ulimwonea wivu?"

"Sana! Jumamosi ile nilivyouona, kahawa ilinikaa kooni. Nikasema Mungu wangu, huyu mwanamke juzi tu alikuwa anauza pikipiki za theluji, na bado analima kuliko mimi niliyeanza nikiwa na miaka kumi na saba, najificha na polisi." Alimimina kahawa. "Lakini nikuulize na wewe. Wa Gilberte umekufa. Wa pili kwa uzuri ulikuwa wa nani?"

Normande alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Wangu," alisema.

"Aah! Basi kila mtu na wivu wake. Andika na hilo."

Aliandika kweli. Kisha akauliza, "Ile saa ya taa. Gilberte anasema ni mambo ya mzee wa msituni."

Ulric aliweka kikombe chini. Safari hii alicheka kwa dhati mpaka akakohoa.

"Inspekta, na wewe si unaipanda? Bangi ya zamani, ndiyo, ukiimulika gizani inachanganyikiwa, haichanui. Binamu yangu alipoteza shamba zima kwa sababu ya taa za gari la mtu aliyekuwa anakuja kwa mchumba wake. Hiyo hadithi nimeisimulia mara mia. Lakini hii ya kujichanulia? Hii inahesabu siku zake tu. Uiwashie taa usiku ni sawa na kumwamsha mzee ili asizeeke. Anazeeka tu, umwamshe usimwamshe!"

"Ulimsimulia nani?"

"Wote. Mezani, tukicheza karata. Gilberte, mimi, Fernand."

"Wiki ile kabla ya Jumamosi ya karata ulikuwa wapi?"

"Kwenye kibanda juu ya barafu, ghubani, tunavua samaki kwenye tundu. Nilienda Jumatatu, nikarudi Jumamosi mchana. Waulize akina Zoël, nilikoroma siku tano hawajasahau." Utani ulikuwa umeisha. "Wakinitoa, sikiliza, bangi siyo shida. Naweza kupata popote. Shida ni Jumamosi. Mimi nina Jumamosi tu. Siku nyingine sita naongea na redio."

*

Normande alirudi kwa Gilberte saa saba na nusu. Safari hii hakugusa chungu. Alisimama katikati ya stoo, akaangalia mrija.

Ulitoka chini ya chungu, mweusi, mwembamba kama kidole cha mwisho. Ulipita nyuma ya ndoo ya mboji, ukaingia kwenye tundu la ukutani pamoja na waya wa taa. Normande akatoka mlangoni, akazunguka. Upande wa pili ni pale penye mashine ya kufulia. Hakuna mlango, hakuna kufuli. Waya uliishia kwenye soketi, na saa ya taa imechomekwa hapohapo. Mrija uliishia kwenye pipa la bluu la lita arobaini, limeinuliwa juu ya kreti mbili, kifuniko kimefungwa.

"Pipa umelifungua lini?" aliita.

Gilberte alishuka ngazi, anafuta mikono kwa aproni. "Hilo? Tangu siku ya thelathini na tisa. Nalijaza mara moja, nasahau wiki tatu. Ndiyo raha ya hivi vyungu, vinajinywesha vyenyewe."

"Na kamati?"

"Kamati ya nini? Mle ni maji tu."

"Unaweka mbolea humo? Ya samaki?"

"Niweke ili mrija uzibe? Udongo wangu una kila kitu, Inspekta. Pipani ni maji ya theluji, basi."

Normande akafungua kifuniko, akaingiza kichwa, akanusa. Alikaa hivyo muda, kama zamani juu ya makopo. Stoo nzima ilinuka samaki kwa ajili ya ule unga wa udongoni, ndiyo maana hakuna pua iliyoshtuka. Lakini maji ya theluji hayanuki samaki. Alichovya kidole, akalamba, akatema.

Akafungua bomba dogo la chini, akachomoa chujio. Kulikuwa na gamba moja la samaki, jembamba, linang'aa, na vitu vitatu vyeusi vidogo vimevimba kwa maji. Akaviweka kiganjani. Alitoa na bahasha yenye chumvi ya Ulric, akaimimina kwenye kifuniko. Ilikuwa ya kijivu, imejaa mchanga. Kwenye chujio hakukuwa na hata punje ya mchanga.

"Chungu kikijaa kinabeba lita ngapi chini?"

"Nne."

"Na mti ulikuwa unakunywa?"

"Mbili kwa siku. Ulikuwa na kiu kama ng'ombe."

"Na boya la chunguni, lile linaloruhusu maji ya pipa, halifungui mpaka zile nne ziishe."

"Ndiyo, ndivyo linavyo..." Gilberte alikuwa mkulima mzuri kuliko wote, akaliona mwenyewe. "Chumvi ikiingia pipani, mti hauionji mpaka siku mbili zipite."

"Na minyoo ilikimbilia juu kwa sababu chumvi ilitokea chini, ikapanda na maji. Majani yaliungua Jumapili. Kwa hiyo chumvi iliingia Ijumaa au kabla. Ijumaa Ulric alikuwa juu ya barafu anakoroma. Na mwenye ufunguo hana haja ya kuhangaika na pipa, anaingia anamwaga chunguni, kwisha. Huyu alikuja hapa kwa sababu hana ufunguo."

Gilberte alitazama kiganja cha Normande. "Hivyo vyeusi ni nini?"

"Bado," alisema Normande, akavifunga kwenye leso. "Unanipa chakula?"

*

Mezani kulikuwa na viazi vya kuchemsha, siagi, mkate, na heringi wa chumvi waliokatwa vipande. Fernand Losier alikaa kichwani mwa meza, mtu mkubwa, mikono ya kazi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alimsogezea Normande sahani.

"Kula, Inspekta. Heringi wangu mwenyewe. Nawatia kwenye pipa banda la nje kila Novemba, kama marehemu mama."

"Nasikia ni watamu."

"Ni watamu kuliko wa mtu yeyote pwani hii! Wengine wanatia chumvi tu, basi. Kama wanalisha mbwa."

Normande alikula kipande, akatafuna taratibu. Akasimamisha meno. Akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Karafuu," alisema.

"Siri ya mama!" Fernand alitabasamu. "Hakuna mwingine anayetia."

"Hakuna kabisa?"

"Muulize yeyote hapa kijijini. Wananicheka kwa ajili yake."

Normande akafungua leso juu ya meza. Karafuu tatu na gamba moja. Akazisukuma kwa kijiko mpaka zikalala kando ya ile moja. Zikawa nne, ndugu wa tumbo moja.

Fernand aliacha kutabasamu, lakini mdomo wake ulichelewa kujifunga.

"Zimetoka kwenye chujio la pipa la Gilberte," alisema Normande. "Jagi ngapi za maji ya heringi, Fernand? Moja? Mbili?"

"Ulric ana..."

"Ulric ana maradhi ya moyo, hali samaki wa chumvi huu mwaka wa tano. Na Ulric anajua mbegu hii haijali taa. Saa ya taa aliichezea mtu aliyesikia hadithi ya zamani mezani, akaiamini, lakini hajawahi kupanda hata mmoja. Siku ya arobaini alijaribu taa. Mti ukazidi kunenepa. Akangoja, akatafuta kitu anachokijua mwenyewe. Wewe unajua chumvi."

Gilberte alikuwa amesimama karibu na jiko, sufuria ya viazi mkononi, haiweki chini.

"Mbili," alisema Fernand.

"Fernand," Gilberte aliita.

"Jagi mbili. Alhamisi, ulipokwenda kununua siagi." Alikuwa anaongea na sahani. "Inspekta, unataka kujua kwa nini? Uliza asubuhi yangu. Tangu Januari, anaamka, anashuka kule kabla hajaniambia neno. Namsikia kwenye bomba la hewa linalopanda kutoka stoo. 'Umeamkaje, mrembo wangu? Umelala vizuri?' Mrembo! Mimi nimelala naye miaka thelathini na moja, mara ya mwisho kuniuliza nimelalaje nilikuwa nimevunjika mguu!"

"Ulikuwa unanisikiliza na mti wangu kwenye bomba?" Gilberte aliuliza taratibu.

"Na Jumamosi anakuja yule. Mnashuka wawili. Mnakaa huko saa nzima, mlango umefungwa, mnacheka. Mnacheka nini na jani? Ana ufunguo, Gilberte. Jirani ana ufunguo wa nyumba yangu na mimi sina."

"Ulisema panakunywa... panakuwa na harufu ya paka!" Alikasirika mpaka maneno yakagongana. "Nilikuchongea ufunguo wa kwanza wewe! Ukautupa kwenye droo ya misumari, ukasema hutaki upuuzi!"

Fernand aliinua macho. Ilionekana wazi alikuwa amesahau. Droo ya misumari ilikuwa nyuma yake palepale, hatua mbili, na ufunguo wa tatu, ambao hata Gilberte hakuuhesabu na mwenye nao hakuukumbuka, huenda bado ulikuwa mle chini ya parafujo.

Normande alikunja leso yake. "Kuna swali moja limebaki. Ulric alipotajwa, ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Na unajua wanamtoa leo."

"Najua."

"Ukanyamaza."

Fernand alifikiri. Alikuwa mtu mkweli kwa vitu vingi, na alionekana anatafuta neno sahihi.

"Ilinipendeza," alisema.

Hapo ndipo Gilberte alipoweka sufuria chini. Hakuibamiza. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti chake. Akaangalia saa ya ukutani. Saa tisa kasoro dakika kumi.

"Inspekta, utasema wewe ukumbini?"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

"Usiseme. Nitasema mimi. Nilimtaja mimi, nitamtajua mimi." Neno hilo halipo, lakini hakuna aliyemsahihisha. Alienda kwenye ndoano, akachukua koti, akaanza kuvaa buti. "Niseme mume wangu aliua mti wangu kwa maji ya samaki, mbele ya Zoël na wote. Watacheka mpaka Pasaka. Acha wacheke. Kopo lichukue wewe, Normande, mti wako ndio wa kwanza sasa. Ulikuwa unaupigia mahesabu tangu asubuhi, nilikuona unavyouangalia wangu."

Normande alihisi masikio yanapata moto. Hakukana.

Fernand alisimama, kiti kikakwaruza sakafu. Alishika funguo za gari. "Ukumbi uko kilomita nne, na theluji imeanza. Ngoja nikupeleke. Gilberte. Nitakaa nje, sitaingia. Nikupeleke tu."

Gilberte alimaliza kufunga kamba za buti. Aliuvua ule ufunguo shingoni, Fernand akanyoosha mkono bila kufikiri, akidhani anapewa yeye. Gilberte akautia mfukoni mwa koti.

"Kula heringi wako," alisema. "Ulric atanipeleka."

Mlango ukafungwa. Normande, aliyekuwa bado hajainuka, aliona kupitia dirishani jinsi Gilberte alivyovuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, na jinsi mlango wa ng'ambo ulivyofunguliwa kabla hajagonga, akaingia, ukafungwa. Fernand naye aliona. Alisimama hapo na funguo za gari mkononi, anahesabu kwa midomo, na hapo ng'ambo mlango ulikaa bila kufunguka tena dakika moja, mbili, tatu.

"Wanaongea nini muda wote huo?" aliuliza.